Stika nyekundu na Msomaji Bora wa Mwezi

Nianze na kosa lenyewe tusizungushane. Kuna dogo mmoja wa darasa la 5 alikuwa anakuja maktaba kila Jumamosi, hakosi, mvua inyeshe jua liwake, mi nikampa zawadi ya Msomaji Bora wa Mwezi mbele ya wenzake wote, na Jumamosi iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja, na mdogo wake naye kimya, na mimi nikakaa wiki kama sita najiambia labda wamehama. Hawakuwa wamehama. Wako mtaa uleule, dakika kumi kwa mguu.

Mji sitautaja na mtoto simtaji, ni maktaba ya mkoa mmoja huku bara, kitengo cha watoto ni chumba kimoja chenye madirisha makubwa na feni moja inayolalamika. Programu ya Jumamosi inaanza saa tatu asubuhi mpaka saa tano na nusu. Tunatandika mikeka, tunaanza na hadithi ya mdomo, mi nasema hadithi hadithi, wao hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, alafu kuchora kidogo, alafu nusu saa ya mwisho kila mtoto anachagua kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Wanakuja wa shule za serikali wanaosoma kwa Kiswahili, wanakuja wa English medium wanaoletwa na bodaboda ya kulipiwa kwa mwezi, wote mkeka mmoja, na kwa kweli kwenye hadithi ya sungura na fisi huwezi kujua nani anatoka wapi. Tofauti inaanza kuonekana wakati wa kuchagua kitabu.

Na hapo ndo nilipoharibu. Wazazi wana swali moja, wote, "anti, mwanangu asome nini?" Mwanzoni nilikuwa namjibu kila mmoja, nauliza mtoto anapenda nini, anaogopa nini, mwisho alisoma nini, lakini ukiwa peke yako na watoto thelathini na kitu unachoka, kwahiyo nikatengeneza listi. Stika nyekundu darasa la 1 na la 2, njano la 3 na la 4, kijani la 5 mpaka la 7. Nikaifanyia laminesheni nikaibandika mlangoni. Bosi akaipiga picha akaitupia kwenye grupu la wasap la ofisi, nikapigiwa makofi. Nilikuwa na raha wiki nzima, sidanganyi.

Sasa huyu dogo. Mwembamba, mrefu kwa darasa lake, anakuja amemshika mkono mdogo wake wa kike wa darasa la 1. Kabla ya stika alikuwa anakaa nyuma kabisa na wale wadogo, ukimuuliza anasema "namwangalia mdogo wangu", na wakati wa kuchagua anachukua vile vitabu vya picha kubwa na mistari miwili chini, vya mdogo wangu, anasema. Mi nlikuwa naona ni kaka mwema basi. Na kweli ni kaka mwema, ila na yeye alikuwa anasoma! Kisingizio cha mdogo wake kilikuwa ndo mlango wake wa kuingilia, na mi nikaja nikauziba kwa stika. Wiki ya kwanza ya rangi nakumbuka alinyoosha mkono kwenye nyekundu, mtoto mmoja wa la 3 akadakia "we si wa la tano wewe, unasoma nyekundu?" nikasema shii, hatuchekani hapa, nikaona yameisha.

Kuanzia siku ile akawa mtu wa kijani. Anachukua kimoja anarudisha, anachukua kingine, akaanza kuja mpaka siku za katikati ya wiki akitoka shule, na kwenye daftari la kuazima jina lake likawa linajaza ukurasa. Nani angeshtuka? Mwisho wa mwezi nikahesabu, akawashinda wote. Zawadi ilikuwa daftari la kava gumu na kalamu mbili. Nikamwita mbele, makofi, nikampa, alafu nikafanya kitu ambacho nikikikumbuka masikio yanapata moto. Nikasema haya bingwa wetu, tusimulie kidogo kile cha mwisho ulichosoma, kinahusu nini. Akatabasamu. Akaangalia dari. Akasema "kinahusu... mtu." Watoto wakacheka, sio kwa ubaya, watoto wanacheka tu, na mi nikajifanya kumwokoa, "bingwa wetu ana aibu," akarudi kukaa na lile daftari akalificha chini ya paja.

Ndo ilikuwa mwisho kumwona.

Mtu ataniuliza, hukumpima? Nilimpima, na hii ndo sehemu iliyonifundisha zaidi kuliko zote kwahiyo nivumilie nikae hapa kidogo. Kwenye semina moja tulifundishwa kanuni ya vidole vitano: mtoto anafungua ukurasa wowote anausoma, kila neno linalomshinda anakunja kidole, vikifika vitano kitabu ni kigumu, arudishe. Kanuni nzuri, rahisi, haina gharama. Nikamfanyia dogo na kitabu cha kijani. Akausoma ukurasa mzima, sauti inasikika, hakukunja kidole hata kimoja. Nikasema huyu yuko sawa.

Shida ni kwamba ile kanuni imetoka kwenye Kiingereza, na Kiingereza kinaandikwa kivyake na kinatamkwa kivyake, mtoto akikutana na neno asilolijua mara nyingi anakwama palepale na unamwona. Kiswahili hakimkwamishi mtu. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, akajua mwa na nya na ng', anaweza kukusomea chochote, mpaka tahariri ya gazeti kuhusu mfumuko wa bei, na asijue hata imesema nini. Ukitaka kujionea mwenyewe chukua maandishi ya Kichewa cha Malawi, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Utausoma, jirani atadhani umeishi Lilongwe, na wewe huna unachojua zaidi ya maneno mawili matatu yanayofanana na ya kwetu. Ndo alivyokuwa dogo na vitabu vya kijani.

Alafu kuna jambo lingine la lugha yetu ambalo sikuwahi kuliwaza mpaka hiki kisa. Maneno yetu ni treni. Chukua hawakumsindikiza, ni silabi nane, na ndani yake kuna wao, kuna kukataa, kuna wakati uliopita, kuna yeye asiyesindikizwa, yaani sentensi nzima imekaa kwenye neno moja. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi, ha, wa, ku, m, si, ndi, ki, za, akifika za ameshasahau ile ha ya mwanzo ilikuwa inakataa, kwahiyo kichwani mwake wamemsindikiza. Stori imegeuka na hajui imegeuka. Sentensi tatu za namna hiyo na ameshapotea porini, ila mdomo unaendelea kusoma vizuri tu.

Kwahiyo kipimo changu kilikuwa kinapima mdomo. Na daftari langu la kuazima lilikuwa linapima miguu, nani amekuja na kurudi mara nyingi. Kuelewa hakuna aliyekuwa anakupima hata mmoja. Wale wa Uwezo, wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza mwaka 2010 kuzunguka nyumba kwa nyumba na vipimo vya darasa la 2, walienda silabi, maneno, aya, mpaka hadithi, na hadithi ina maswali yake ya ufahamu. Nilikuwa nazisoma zile ripoti zao nasikitika kama kila mtu, na haikuniingia akilini kwamba mtoto wa kwenye ile ripoti anakuja kwangu kila Jumamosi na namgongea muhuri.

Na kwanini asiseme? Aseme nini, yuko darasa la 5. Mtaala wa 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele kwa la 1 na la 2, wazo zuri sana, ila aliyepita pale hajakaza vizuri akifika la 3 anakuta masomo yameshaongezeka, anatakiwa sasa asome ili ajue sayansi, hakuna tena anayemrudisha kwenye kusoma kwenyewe. Maktaba ndo ingekuwa sehemu yake ya kurudi nyuma bila mtu kumwona. Mi nikaweka rangi ili kila mtu amwone.

Kuna Mhindi mmoja mkutubi, Ranganathan wa kule Madras, mwaka 1931 alitoa kanuni tano za ukutubi, mbili kati yake zinasema kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Nilizikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Hakusema kila darasa na rangi yake. Na mi mwenyewe nilipenda vitabu utotoni pale Maktaba Kuu Dar, ile aliyoifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, kuna mama mmoja alikuwa ananiangalia ninavyozungukazunguka kwenye rafu, anachomoa kitabu, "jaribu hiki, kisipokukolea lete." Hakuwahi kuniuliza niko darasa la ngapi, wala mara moja.

Turudi kwenye kisa. Nilikutana na mama yake sokoni kwa bahati tu, ana meza ya nyanya na dagaa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, dagaa wa Mwanza hawa, hawana mchanga." Nikanunua, nikajitambulisha, nikauliza habari za vijana. Uso ukabadilika. "Uuuh, kumbe we ndo anti wa maktaba. Mwanangu nisamehe sana." Mi ndo nilikuwa nataka kuomba samahani, nikashangaa. Kumbe wana kitabu chetu. Kile cha fisi, cha stika nyekundu, dogo alikiazima kwa kadi ya mdogo wake ili kisionekane kwenye kadi yake, yule mdogo akakichana kurasa mbili, na baba yao akasema msikanyage tena kule mtadaiwa hela. Alafu mama akaongeza kitu akiwa anafunga dagaa kwenye gazeti, "kile kitabu kila usiku anamsomea mwenzie, mpaka na mimi nimeshakikariri, nikiwa napika nasema mwenyewe."

Hapo nikachanganyikiwa, maana nilikuwa nimeshajijengea kesi yangu kwamba ni aibu ya ile siku ya zawadi, sasa tena kumbe ni faini? Nikarudi kwenye daftari nikaangalia tarehe. Mama alisema kitabu kilichanika Ramadhani, na dogo baada ya Ramadhani alikuja wiki tano zaidi, anaazima kijani kama kawaida. Kwahiyo woga wa faini peke yake haukumzuia, alikuwa anauficha anaendelea kuja. Aliacha baada ya zawadi. Mi nasoma hivi: alipopata aibu alihitaji sababu ya kutokuja ambayo haimdhalilishi, na neno la baba lilikuwa tayari mezani. Mwenzangu mmoja ofisini anabisha, anasema baba ndo sababu na mi najipa umuhimu nisiostahili. Inawezekana. Lakini nilipopitia majina ya wengine waliopotea tangu stika zianze, karibu wote ni wa la 4 mpaka la 6 wa shule za serikali wanaokuja na wadogo zao, na wale hawana kitabu kilichochanika. Na mkubwa akiacha kuja wadogo nao hawaji, nani atawavusha barabara, kwahiyo ukimpoteza mmoja umepoteza watatu.

Tulichofanya. Kwanza kubandua stika, siku mbili nzima na mafuta ya taa, chumba kikanuka kama jiko la mchina. Rafu tukazipanga upya na watoto wenyewe wakazipa majina: Vya Kuogopesha, Wanyama Wakali, Vya Kucheka Mpaka Tumbo, Vya Kweli Kabisa, na moja waling'ang'ania iitwe Vya Kulia, sikujua watoto wanapenda kulia kiasi kile, inaisha ya kwanza. Kubwa na dogo vinakaa pamoja, kitabu cha mistari miwili cha mzimu kiko karibu na cha kurasa themanini cha mzimu.

Pili tukaanzisha kazi ya Msomaji wa Mkeka. Kuanzia darasa la 4 unapewa wadogo wawili watatu uwasomee, na sharti ni lazima ukichukue kitabu nyumbani ukifanyie mazoezi mara mbili kabla. Yaani mtoto wa la 5 kubeba kitabu cha picha sasa ni cheo. Ile hila aliyoigundua dogo mwenyewe tukaifanya iwe rasmi, basi. Na akisoma kitabu chepesi mara tatu nne kwa sauti, yale matreni ya maneno yanaanza kupita kwa mkupuo badala ya behewa moja moja.

Kipimo cha vidole nimekiacha kwa vitabu vya Kiingereza tu. Kwa Kiswahili naomba nisimuliwe, na sio mbele za watu tena, tukiwa tunatembea kwenda mezani kugonga muhuri. Nani alikukera humo ndani? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoto aliyeelewa hanyamazi, anakuwa na hasira na fisi kabisa. Asipokuwa na la kusema simwambii kitu, namchomolea kingine.

Tatizo lililobaki kubwa likawa rafu yenyewe. Vya Kiswahili kwa wadogo vipo, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulisaidia sana, na wachapishaji wa hapa kina Mkuki na Nyota na E&D wanajitahidi. Vya msaada vya Kiingereza vipo pia, Book Aid International wa Uingereza wanazipelekea maktaba za Afrika vitabu vipya sio makapi, ila huyu dogo Kiingereza kitampeleka wapi kwa sasa. Kinachokosekana ni cha katikati, maneno machache lakini stori ya mtu wa miaka 12, yenye wizi, mpira, mizimu, urafiki unaovunjika. Kutoka sungura unaruka moja kwa moja kwenye riwaya yenye maandishi kama sisimizi. Tukaingia tovuti ya African Storybook ya kule Afrika Kusini, stori ni za bure, za Kiswahili zipo na unaruhusiwa kuzichapa, tukachapa nyeusi nyeupe tukabana na stepla watoto wakapaka rangi wenyewe, mpaka wino wa ofisi ukaisha na nikaulizwa.

Alafu gazeti. Hii sikuipanga, nilimkuta mlinzi wetu anasoma Mwanaspoti la jana na watoto watatu wamemzunguka begani, wanasoma kabla yake wanabishana. Fikiria, habari ya mechi mtoto anajua tayari nani kafunga, majina anayajua, maneno ni yaleyale kila wiki, kwahiyo akili inakuwa na nafasi ya kushika sentensi. Derby ya Simba na Yanga ikipita Jumamosi ya mbele yake kurasa zinagombaniwa. Kuna mzazi alikuja kulalamika kwamba maktaba inafundisha watoto mambo ya mpira, nikamwonyesha mwanae alivyotulia dakika ishirini, akaondoka hajaridhika, sawa tu.

Mapendekezo sasa wanaandika watoto wenyewe kwenye vikaratasi, vinaning'inia kwenye kamba na vibanio vya nguo. "Kama ulipenda cha fisi chukua hiki, fisi wa hapa ana akili." "Usisome usiku." "Kinaboa mwanzo ruka." Hicho cha mwisho nilitaka kukitoa, nikakiacha, na kile kitabu kinaazimwa kuliko vyote watu waone kama kweli mwanzo unaboa.

Faini ilikuwa ngumu. Bosi wangu ni mtu wa leja, mtu mzuri ila ni wa leja. "Dada, kitabu ni mali ya serikali, kikichanika kina utaratibu wake." Nikamwambia kule Garissa, Kenya, tangu 1996 maktaba inabebwa na ngamia kuwafuata watoto, sisi tuna jengo zima na mtoto anaogopa geti. Hakucheka. Mwisho tukakubaliana kitabu cha mtoto kilichochanika kirudishwe na mtoto akitengeneze mwenyewe hapahapa, gundi na uzi tunatoa sisi, na kinachotengenezeka hakidaiwi. Ila cha kuchelewa faini inaandikwa kama kawaida, hapo hakusogea.

Nikapeleka ujumbe sokoni. Zikapita Jumamosi tatu, ya nne wakaja, kitabu kimefungwa kwenye kanga ya mama kama mtoto mchanga. Mdogo akaingia mbio, dogo akabaki getini na mlinzi. Nikamfuata nikamwambia nina wadogo wanne hawana msomaji na nasikia we cha fisi unakijua kwa kichwa. "Nani kakwambia?" "Mama yako anakisema akiwa anapika." Akacheka akaziba mdomo, akaingia.

Bado anasoma taratibu, nisiwadanganye, ila juzi alibishana na mimi kuhusu nani alikuwa mkosaji kwenye stori moja, na alikuwa sahihi, mi ndo nilipitiwa kwenye neno la kukataa. Wazazi bado wanataka listi, hasa mama mmoja wa English medium ananitumia meseji kila mwezi, mi namchagulia mtoto wake vitabu vitatu namwambia rudi na kimoja ulichokichukia, na hicho ndo kinaniambia cha kumpa mara ijayo. Nikienda likizo sijui nani anafanya hivyo, hilo halijapata jibu.

Faini ya kile kitabu cha fisi bosi aliiandika kwenye daftari mbele yangu, jina la yule mdogo wa kike, siku alizochelewa, na kiasi. Kwa penseli.